Jinsi ya Kumkosa Panya: Mwongozo kwa Paka wa Luanda Kotieno

Paka wa Luanda Kotieno hana shida ya chakula, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Boti za omena zikiingia alfajiri, ndoo hazikosi kumwagika. Mama mwenye karai akipasua ngege, matumbo yanatua nyuma ya banda. Paka anakula, anajilamba, anajinyoosha juu ya neti iliyoanikwa, na panya anakatiza mbele yake na kichwa cha omena mdomoni bila hata kuongeza mwendo. Wanajuana. Wakati mwingine nashuku wanasalimiana.

Sasa nisikilize, omera. Kuna mwenzako Marekani aliyejenga jina la ukoo wenu kwa kushindwa tu. Alianza kazi Februari 1940 katika studio ya MGM, mikononi mwa William Hanna na Joseph Barbera. Katika filamu hiyo ya kwanza aliitwa Jasper, na panya hakutajwa jina. Baadaye yakatafutwa majina kwa shindano. Mchoraji mmoja, John Carr, akatoa Tom na Jerry, akapewa dola 50, na kwa upande wake mambo yakaishia hapo. Hadi 1958 Hanna na Barbera walikuwa wametengeneza filamu 114 za paka huyo, nyingi za dakika saba hivi. Zilishinda Oscar 7. Sanamu zote saba zilikabidhiwa mtayarishaji, Fred Quimby, ambaye hakuchora hata sharubu moja. Wavuvi wa mbuta, wanaomwona ajenti akiondoka na faida, hawahitaji maelezo zaidi.

Wewe una ghuba nzima ya Winam ya Ziwa Victoria mbele yako, jua la bure na vifaa ambavyo Tom hakuwahi kuviota. Ulichokosa ni nidhamu ya kushindwa. Mwongozo huu utakupa.

Kwanza ujue tabia ya miongozo. Mwaka 1944, katika filamu iitwayo Mouse Trouble, Tom aliletewa kwa posta kitabu cha kufundisha kukamata panya. Akakifuata sura kwa sura. Akatega mtego wenye jibini. Jerry akachukua jibini, mtego ukabaki umelala. Tom akaenda kuukagua, nao ukaamka. Kitabu kikamhakikishia kwamba panya aliyebanwa kwenye kona hapigani. Tom akambana. Alipotoka alikuwa na sura nyingine kabisa, akatugeukia sisi watazamaji na kutuonya kwa mdomo wake tusisadiki, na Tom si paka wa kusema hovyo. Ikafika mwisho akaondoka duniani juu ya wingu. Kitabu hicho kilikuwa kibaya kwa paka na kizuri sana kwa sinema: filamu ilipata Oscar.

Huu unaousoma ni wa ukoo huohuo. Ukiufuata utaumia. Usipoufuata utamkamata panya, na hilo ni baya zaidi, kama nitakavyoeleza.

Subiri msimu

Kazi hii ina miezi yake. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili samaki wazaane. Bichi inanyamaza. Turubai za kuanikia zinakunjwa, mama wa chai anapunguza maziwa, na paka anaanza kumtazama panya kwa jicho lisilo la sanaa. Usiigize miezi hiyo. Paka mwenye njaa ya kweli hukimbia moja kwa moja, haangalii pembeni, hakanyagi kitu, na anafika. Nani atacheka?

Kufukuzana kunakochekesha kunamtaka mfukuzaji aliyeshiba kiasi cha kuweza kupanga mambo, na mwenye majivuno kiasi cha kuumia mpango ukivunjika. Tom alikuwa na nyumba, maziwa na mto wa kulalia. Chakula hakukikosa. Alikuwa anafukuza heshima.

Kwa hiyo anza Agosti. Mazoezi yafanye siku ambazo mwezi umepevuka, kwa maana usiku wa mbalamwezi taa haziivuti omena vizuri. Wavuvi wanapumzika, na makasia, kamba na ndoo zao zimelala ufuoni bila mwenyewe.

Vifaa vya hapahapa

Tom alitumia fuawe, piano, pasi, kikaango, reki na baruti. Piano utaitoa wapi huku kwetu Rarieda? Usihangaike.

Badala ya kikaango tumia karai la kukaangia samaki, lile kubwa, jeusi, ambalo chini yake pamekunjamana kwa miaka ya kuni. Uso wako ukiligonga kwa kasi ya kutosha utatoka umekuwa mviringo, macho mawili yakipepesa katikati. Lakini karai liwe tupu na liwe baridi. Hili si pendekezo. Mafuta ya moto hayamchekeshi mtu aliyewahi kukaanga mgongo wazi, na bichi nzima imewahi. (Mgongo wazi, kwa paka wageni, ni kile kinachobaki cha mbuta baada ya viwanda kuchukua minofu ya kuuza ng'ambo: kichwa, uti wa mgongo na matumaini. Zamani hiyo ilikuwa sehemu yako. Siku hizi binadamu anainunua, kwa hiyo usijidai una haki nayo.)

Badala ya reki iliyosahauliwa kwenye nyasi, tumia kasia lililoegemezwa juu ya gogo. Kanyaga bapa, mpini upande. Kila mtu duniani anaujua mchezo huu, nawe utaucheza tu, kwa sababu watoto wa bichi wakiliona kasia limekaa vile wataanza kuguna kabla hujafika, na huwezi kuwanyima.

Masanduku ya barafu ya kuhifadhia mbuta yana kazi moja tu: uingie ukiwa unacheka, utolewe umeganda ndani ya mche wa barafu, kicheko kikiwa kingali usoni.

Sasa tuje kwenye kifaa ninachokipenda kuliko vyote, ile mizani inayoning'inia bandani. Hiki ndicho kichekesho chako cha kurudia. Katika mfukuzano wa kwanza panya anakwepa, unanaswa na ndoana ya mizani, mshale unazunguka, na mnunuzi aliyekuwa akizungumza na simu anakutazama, anataja bei, anaendelea na simu yake. Mara ya pili umeshapigwa na karai na kasia. Unanaswa tena, mshale unasoma pungufu, na mnunuzi anashusha bei. Watazamaji sasa wanajua unakokwenda, wameegemea mbele. Kwa hiyo mara ya tatu usinaswe. Pita chini ya ndoana salama salimini, geuka kuidhihaki, na umkute panya ameketi kwenye sahani ya mizani ya pili akiwa ameshika pesa. Ameuzwa, amelipwa, anahesabu chenji. Mara ya nne ni mnunuzi mwenyewe anayening'inia.

Kichekesho kinachorudi vilevile ni uvivu. Kinachorudi kikiwa na deni dogo la mara iliyopita, hicho kinalipa.

Foleni ya kujua

Hapa ukae chini, kwa sababu wengi wanaanguka vibaya hapa, yaani wanaanguka bila kuchekesha.

Tuchukue nanga. Mitumbwi midogo hutumia jiwe lililofungwa kamba, na jiwe hilo litakufaa kuliko fuawe lolote la Marekani. Mpango wako ni kumtupia panya jiwe kutoka ukingoni mwa mtumbwi. Paka mshamba atatupa, atakosa, atakwenda zake. Wewe tupa, kisha simama ujipongeze. Kamba inaanza kujikunjua sakafuni, mzingo baada ya mzingo. Panya ameketi juu ya kasia, mikono kifuani, anaitazama. Watoto walioko ufuoni wameona kwamba ncha ya kamba imezunguka mkia wako, wanapiga kelele. Wewe bado unatabasamu. Mzingo wa mwisho unaondoka. Unatazama kamba. Unaifuata kwa macho mpaka kwenye mkia. Unatutazama sisi. Kisha, wala si kabla, unaondoka.

Panya ajue kwanza, mtazamaji wa pili, wewe wa tatu, maumivu yafike mwisho kabisa. Ukiivuruga foleni hiyo hutakuwa na kichekesho, utakuwa na ajali, na ajali ziwani tunazo za kutosha.

Pale MGM kazi hii ilikuwa na wenyewe. Barbera alibuni visa na kuvichora. Hanna akavipimia muda. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, kwa hiyo mtazamo wa nusu sekunde kabla ya kuzama ni picha 12, na mtu anakaa mezani kuamua kama ziwe 12 au 10. Unaponiambia huna muda wa mazoezi, ukumbuke hilo.

Sharti la pili ni kwamba jiwe liwe lako. Jiwe likianguka tu kutoka juu na kumponda paka asiye na habari, watu wataguna kwa huruma na mama mmoja ataleta maziwa. Likianguka kwa sababu wewe mwenyewe ulilifunga, ulilipima, ulilibusu na kulitupa, hakuna atakayekuhurumia. Katika Cat Fishin' ya mwaka 1947, Tom aliingia kwa wizi mahali pa kuvulia samaki palipolindwa na mbwa Spike, na chambo aliyemtia kwenye ndoana alikuwa Jerry. Yote yaliyompata baadaye aliyaagiza mwenyewe. Hapa kwetu wanaotega mbuta kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi watakuambia kazi ya chambo ina adabu zake: chambo ni samaki mdogo, si jirani yako.

Wakenya waliokua na televisheni ya KBC walisoma somo hili bila karai wala nanga. Katika Vitimbi, Mzee Ojwang', yaani marehemu Benson Wanjau aliyetutoka Julai 2015, alikuwa akija na mpango, mpango mzuri tu, wenye majivuno ya kutosha, na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alikuwa ameshaujua kabla mzee hajavua kofia. Sisi tulijua kwamba mama anajua. Mzee ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, na uso wake pale habari ilipomfikia ulikuwa na thamani ya kipindi kizima. Wiki iliyofuata alikuwa hajajifunza kitu. Angejifunza, tungetazama nini?

Panya wa kuajiri

Usimchukue wa kwanza kukutana naye. Panya wa ghala la omena amenenepa, anapumua kwa shida, ataomba mapumziko. Tafuta wa kwenye feri: mwembamba, mzoefu wa kamba, asiyeshtuka honi.

Asiwe msemaji. Tanzania wana Kipanya wa mchoraji Masoud Kipanya, ambaye kwa miaka amekuwa akisema magazetini yale ambayo watu wazima wanameza, lakini huyo ni wa siasa na kazi yake ni mdomo. Jerry hana haja ya maneno. Ndiyo sababu katuni hizi ziliingia kila kibanda cha video bila mkalimani. Hata DJ Afro, aliyetafsiri na kuwanogeshea Wakenya filamu za kila aina, hapa angekunja mikono na kutazama tu akila mahindi.

Wala asiwe mkorofi wa kupitiliza. Hapa niseme langu: mimi niko upande wa Tom. Jerry ana tabia ya kumpiga mwenzake hata baada ya mechi kwisha, na siku nyingine ni yeye aliyeanza. Nilipokuwa mdogo nilimshangilia kwa sababu alikuwa mdogo. Halafu nikapata kazi, nikapata bosi mwenye mipango yake na lawama za mipango yake, na ushabiki ukahama wenyewe. Sungura wa ngano zetu ana kasoro hiyohiyo. Fisi ni mlafi, sawa, lakini baada ya kudanganywa kila jioni tangu babu zetu, si angeachiwa mara moja ale kwa amani?

Nyatiti badala ya okestra

Tom alikuwa na Scott Bradley. Huyu alitunga muziki uliokanyaga kila hatua pamoja na paka: akinyata, nyuzi zinadonolewa moja moja, akianguka ngazini, okestra nzima inaanguka naye, kidato kwa kidato. Ndiyo maana unaweza kufumba macho ukajua amegonga ukuta gani. Mayowe yake nayo, yale marefu yanayokatika ghafla, ni sauti ya Hanna mwenyewe, mwongozaji wa filamu akipiga unyende kwenye kipaza sauti ili mshahara uingie.

Wewe tafuta mpiga nyatiti. Ala hii ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anayoigongesha kwenye mbao ya ala, pamoja na njuga mguuni. Yaani ameletwa duniani kwa ajili ya paka anayenyata. Uzi mmoja kwa kila unyayo. Pete igonge pale unyayo unapokanyaga kitu ambacho hukukiona. Ukisimama hewani, asipige chochote. Ukitua, njuga. Kama kuna mtu wa orutu karibu, mpe kazi ya kuporomoka tu: ule uzi wake mmoja unaweza kuteremka kutoka juu ya mlingoti hadi majini bila kukata pumzi. Mkanye asipige kabla hujaporomoka. Wapiga orutu wana haraka.

Sauti ni nusu ya pigo. Wachekeshaji wa jukwaani wa Italia walilijua hili karne nyingi kabla ya filamu: Arlecchino wao alibeba kigongo cha mbao mbili nyembamba zilizoungana kwenye mpini, zikigongana zinalia paa! huku aliyepigwa akihisi kidogo tu. Chukua mbao mbili za boti iliyooza, zifunge upande mmoja kwa uzi wa neti, umepata chombo kilekile kwa bei ya bure. Sauti iwe kubwa kuliko kidonda, kila wakati. Siku kidonda kikizidi sauti, tupa mbao hizo ziwani.

Wengine ufuoni

Kila mfukuzano unahitaji wa tatu, mkubwa, asiyetaka kusumbuliwa. Tom na Jerry walikuwa na Spike. Hapa watu watakushauri kiboko. Kataa. Kiboko wa ziwa hili hawezi kucheza nusu. Haelewi foleni ya kujua, na hakuna tukio la pili baada yake. Mtumie kongoti. Anasimama kando ya banda tangu asubuhi, mabega yamepanda, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu siku ya kufungua shule, na hasemi neno. Panya apite kati ya miguu yake kwa heshima. Wewe upite kwa kasi na umwage ndoo. Kongoti atakutazama kwa muda mrefu. Huhitaji kuonyesha kitakachofuata. Onyesha manyoya mawili yakielea.

Kuna suala la binadamu. Katika filamu za zamani, mama wa nyumba ya Tom alionekana miguu tu: mwanamke Mweusi, mtumishi, soksi zimeteremka, sauti ya Lillian Randolph ikitoka juu ya fremu. Aliondoka kwenye filamu hizo mwaka 1952. Kulikuwa na mchezo mwingine uliorudiwa sana: baruti ikilipuka, uso wa mnyama unageuka kuwa mweusi, midomo inavimba, vishungi vya nywele vinachomoza, na watazamaji wanatakiwa wacheke. Watoto wa hapa walivicheka vyote viwili wakiwa wameketi chini, hawajui wanachekeshwa na nini. Mchezo wa baruti ufute kwenye orodha yako moja kwa moja. Ukilipuka, toka na moshi masikioni, inatosha. Miguu unaweza kuibakiza, kwa sababu ni kweli kwamba paka huona dunia kuanzia magotini kushuka, lakini iwe miguu ya mwenye mali: kandambili imara, kanga iliyokazwa, mfuko wa pesa ukigonga nyonga. Anamiliki karai, omena na nusu ya banda. Akisema "Toka hapa!" dunia nzima ya filamu itoke.

Ukimkamata

Nilikuahidi kueleza. Swali hili huulizwa na kila paka kijana: itakuwaje siku moja nikimpata kweli?

Ziwa hili lina jibu. Mbuta alitiwa humu miaka ya 1950, enzi ya wakoloni, akiwa mgeni mkubwa mwenye mdomo mkubwa, na humu alikuta fulu, visamaki vidogo vya mamia ya spishi visivyopatikana kwingine. Mbuta hakuwa na Scott Bradley wala foleni ya kujua. Alifukuza, akakamata. Wataalamu wanakadiria spishi 200 hivi za fulu zilitoweka, maji yaliyochafuka nayo yakisaidia. Kisha mbuta akabaki ndani ya ziwa lisilo na mshirika wa kuigiza naye, akageukia uduvi, akageukia omena, akageukia watoto wake mwenyewe. Ndiyo tamthilia fupi kuliko zote zilizowahi kuchezwa Winam, na mwigizaji mkuu aliishia kiwandani Kisumu.

Kwa hiyo ukijikuta una panya chini ya unyayo, hai, amebanwa sawasawa, hakuna wa kumwokoa, fanya kama ifuatavyo. Tabasamu. Toa leso uifunge shingoni. Nenda ukatafute chumvi. Haijalishi kwamba paka hali chumvi. Chumvi iko mbali, kwenye kibanda cha mama wa chai, na ukirudi utakuta unyayo wako umekanyaga mumi mwenye masharubu marefu kuliko yako, hajapendezwa.

Feri

Sehemu ya mwisho ya mfukuzano ichezwe gatini, feri ya Mbita inapoondoka. Feri hii huwaokoa wasafiri wasizunguke ghuba yote kupitia Ahero na Homa Bay, kwa hiyo daima ina magari, pikipiki, magunia na watu walioegemea reli wakitafuta kitu cha kutazama kabla ya kufika. Umepata ukumbi uliojaa.

Panya aingie kihalali, kwa kamba. Wewe uchelewe kwa sababu uliyojitakia, mathalani kusimama kupigwa picha. Mlango wa chuma umeinuka, pengo la maji limefunguka, nawe kimbia. Kimbia hadi mwisho wa gati, na uendelee. Miguu ikivuka ukingo usibadilishe mwendo. Chuck Jones, aliyemtoa mfukuzaji mwingine wa katuni, Wile E. Coyote, mwaka 1949 na baadaye akatengeneza filamu 34 za Tom na Jerry, alijenga riziki yake juu ya kanuni hii moja: hewa hukubeba mradi hujaangalia chini. Kwa hiyo usiangalie. Kongoti ameangalia. Abiria wameangalia. Makanga wa matatu ameangalia, amefunika macho, ameangalia tena kati ya vidole. Panya, ambaye sasa ameketi juu ya reli na kofia ya mtu, anakunyooshea kidole kwa upole, anakuonyesha chini.

Hapo tu. Tazama maji, tazama watu, meza mate, punga mkono.

Ukishaogelea mpaka nchi kavu, usijipanguse. Mkia unaochuruzika unahitajika kwa tukio linalofuata. Omba omena mbili kwa mama, atakupa huku akikutukana. Halafu nenda dirishani kwa mkata tiketi kuulizia safari nyingine ya Mbita. Nauli imebandikwa ukutani kwa abiria, pikipiki na gari. Ya paka haipo, kwa hiyo anza kwa kutaja ya kuku.